Chupa ya Mafuta Kutoka kwa Pushkar

Kila asubuhi Jasuli huketi mlangoni, jiwe la kusagia mbele yake. Husaga mbegu za bangi zilizokaangwa, chumvi, kitunguu saumu na pilipili mbichi. Mwisho hukamulia limau. Huku kwetu milimani chatini hiyo huliwa kwa mkate wa ulezi, na mumewe, Khadak Singh, hulamba vidole mpaka ving'ae.

Asubuhi moja, kabla limau halijakamuliwa, sauti ilipanda kutoka bustani ya chini.

"Mama Pushkar! Wee Mama Pushkar! Mbuzi wenu wamemaliza kabichi zangu!"

Alikuwa Bhaguli, jirani yao.

"Haiwezekani," Jasuli akajibu. "Baba Pushkar yuko nao."

"Yuko nao, ndiyo! Amelala juu ya ukuta, mdomo wazi. Mbuzi mmoja anatafuna kofia yake."

Jasuli alishika magoti yake yanayouma, akainuka kwa kuguna, akateremka. Ilikuwa kweli. Khadak Singh, mwanajeshi mstaafu aliyelinda mpaka kwenye theluji bila kusinzia, alikuwa anakoroma.

"Baba Pushkar! Adui amevuka!"

Mzee akaruka. "Nilikuwa macho!"

"Macho ya nani? Kofia iko wapi?"

Khadak Singh akapapasa kichwa. Mkono wa shati ukashuka, na hapo Jasuli akaacha kucheka. Mkono wa mumewe ulikuwa na madoa ya zambarau.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Umepigwa?"

"Nani wa kunipiga mimi?"

Khadak Singh aliwahi kupasuliwa moyo. Tangu hapo humeza dawa ya kuzuia damu isigande. Bhaguli alijua hilo. Akayatazama yale madoa, akapunguza sauti.

"Mpeleke kwa nesi, dada. Kabichi tutazungumza baadaye." Akafikiri kidogo. "Lakini tutazungumza."

Kwenye zahanati walimkuta nesi Rukma.

"Jina la mgonjwa?" akauliza.

Jasuli akatazama dari. Huku kwetu mke hataji jina la mume, wala mume hataji la mke. "Ni huyuhuyu," akasema. "Baba Pushkar."

Rukma akatabasamu, akalijaza mwenyewe. "Baba, kuna dawa mpya unayotumia?"

"Hakuna."

"Tumbo?"

"Linaharisha kidogo."

"Usingizi?"

"Waulize mbuzi," Jasuli akadakia. Kisha akamgeukia mumewe. Alikuwa amekumbuka jambo.

Mtoto wao Pushkar, anayefanya kazi Delhi, alimtumia mama yake chupa ndogo ya mafuta ya kumeza kwa ajili ya magoti. Ilikuwa na picha ya jani la bangi. Siku chupa ilipofika, Khadak Singh alipiga kelele: "Bangi! Ndani ya nyumba ya mwanajeshi! Mama Pushkar, usiiguse!" Aliyasema hayo mdomo wake umejaa chatini ya mbegu za bangi. Kisha akaichukua chupa kwenda kuificha.

"Baba Pushkar, ile chupa iko wapi?"

Mzee akakohoa. Akaingiza mkono mfukoni, akaitoa. Ilikuwa karibu tupu.

"Nilikuwa naikagua," akasema.

"Kwa kijiko?"

"Nilianza na tone. Sikulewa. Nikaongeza. Sikulewa. Nikajiambia, bangi tumeila tangu tulipoota meno. Mafuta yake yatanifanya nini?"

"Hapo ndipo wengi tunapokosea," Rukma akasema. "Mbegu ni chakula, na mafuta ya mbegu ni chakula. Haya hayatoki kwenye mbegu. Hutolewa kwenye maua na majani, na ndani yake mna kitu kinachoitwa CBD."

"Kinalevya?" Jasuli akauliza.

"Hapana, mama. Kinacholevya ni kingine, na kwenye mafuta yaliyopimwa vizuri huwa kidogo mno. Lakini CBD inafanya kazi mwilini hata kama hailevyi. Yaweza kuleta usingizi na kuharisha. Ikizidi, yaweza kuumiza ini. Tena inalizuia ini lisiivunje hiyo dawa yako ya damu, baba. Dawa inajazana mwilini. Haya madoa ni damu inayovuja chini ya ngozi. Ungeanguka pale ukutani ukapiga kichwa..."

Jasuli akaisogeza ile chupa mbali na mumewe.

"Kwa hiyo ni sumu," Khadak Singh akasema.

"Si sumu. Ni dawa. Madaktari huwapa watoto wenye aina fulani za kifafa kikali, na huwasaidia. Watu wengi huitumia kwa maumivu ya viungo, wasiwasi, au kukosa usingizi. Wengine husema wamepata nafuu, lakini ushahidi wake bado ni mdogo. Kwa hiyo mwulize daktari kwanza, umtajie kila dawa unayomeza. Na hiyo dawa ya damu usiiache mwenyewe. Twende hospitali ya mjini sasa hivi, damu ipimwe."

Huko daktari alikuta damu imekuwa nyepesi kupita kiasi. Alimlaza Khadak Singh mpaka hali ikatulia. Alimpima Jasuli pia. Alimfundisha mazoezi ya magoti na kukanda kwa kitambaa cha moto. Kwa kuwa Jasuli hakuwa anatumia dawa nyingine, alimwandikia matone machache ya mafuta yaliyopimwa maabara.

Siku hizi Jasuli anateremka mwenyewe hadi kwenye chemchemi.

"Ni yale mafuta?" Bhaguli alimwuliza.

"Mafuta sijui. Labda nalala vizuri kidogo. Faida ya mazoezi ndiyo nimeiona."

Naye Khadak Singh alipanda kabichi mpya kwenye bustani ya Bhaguli, huku Bhaguli amesimama kando yake akitoa amri kama ofisa.

Asubuhi moja, Jasuli aliacha kusaga. Mumewe alikuwa kando yake na kofia mpya, macho kwa mbuzi.

"Baba Pushkar, ulinikataza kuigusa ile chupa. Kisha ukainywa mwenyewe. Kwa nini?"

"Nilikuwa naikagua."

"Hilo nimelisikia. Ulikuwa unaikagua ili iweje?"

Mzee akaivua kofia. Akaivaa tena.

"Ulikuwa unataka kuinywa," akasema. "Nikaogopa. Kama ni sumu, nilitaka inianze mimi, Jasuli."