Amri Isiyovuka Mpaka

Jioni ile mama alinituma bata na giligilani. Sikuuliza mgeni ni nani. Mjinga mimi!

Njiani kurudi nikapitia kituo cha polisi, mara ya nne sasa. Mahakama ya Taiwan ilimkataza mume wangu, Chih-wei, kunisogelea chini ya mita mia, maana alinivunja taya. Nilitaka amri hiyo itambuliwe na huku nchini kwetu, mkoani Sóc Trăng.

"Dada Nhàn," afande Thuận akapiga miayo, "karatasi ya kwao huku haina meno. Halafu si ulisema pombe ilimuua mwezi jana? Unamwogopa maiti?"

"Akiwa hai aliogopa mahakama. Sasa anaogopa nini?"

Wakacheka wote. Nikachukua karatasi yangu nikaondoka na hasira zangu.

Nilibaki na tegemeo moja: nyumba tuliyohamia na mama, Chih-wei hakuijua. Kwetu marehemu haji hovyo. Lazima mtu wa nyumbani awashe ubani, amwite kwa jina kamili, amtajie na anwani.

Kwenye daraja la mfereji nikasikia ndara.

Kwacha... kwacha...

Nikanusa tambuu na pombe ya mchele, harufu ya Chih-wei. Nikageuka. Hakuna mtu. Nikamkumbatia bata, nikingoja kofi.

Ndara hazikusimama. Zikanipita.

Zikakata kona ya kwetu bila kusita.

Nikatimua mbio. Mama alikuwa mbele ya madhabahu ya wazee, ubani unafuka.

"...nyumba namba kumi na saba, kichochoro cha tatu, kando ya mfereji..."

"Mama! Unamwita nani?"

"Punguza sauti. Amenijia ndotoni siku tatu, analia njaa. Hana mtoto wa kumlisha, maskini. Mkwe ni mwana."

"Alinivunja taya! Si wewe uliyeninywesha uji kwa mrija?"

"Hata baba yako alinipiga. Nilikufa?"

Machozi yakanitoka. Afande Thuận nilimsamehe palepale, yeye hakunizaa.

Chumbani kwangu kitanda kikalia... kama mtu ameketi.

Mama akapakua wali bakuli tele, akaniwekea mkononi.

"Mpelekee mumeo."

"Siendi, mama. Nakuomba."

Akanisukuma ndani. Nyuma yangu nikasikia komeo likishuka, kwa nje.