Gia ya Kaka

Kila asubuhi kabla ya chai, Chiriku alifagia ua, akajaza pipa la maji, kisha akachukua kitambaa na kuifuta baiskeli ya kaka yake iliyoegemea ukuta wa sebuleni. Kazi mbili za kwanza alitumwa na mama. Ya tatu hakutumwa na mtu. Alifuta fremu, akafuta usukani, akafuta hata spoku moja moja, ingawa baiskeli yenyewe haikuwa imevuka kizingiti tangu kaka aondoke.

Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Kaka ndiye aliyembandika jina hilo, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. "Huyu ukimwona amenyamaza, mpelekeni hospitali," kaka alikuwa akisema, na wote wakacheka. Sasa kaka alikuwa mbali, kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, mahali ambapo mtandao wa simu ulikuja ulipojisikia. Jumapili nyingine alipiga, nyingine kimya. Chiriku alimkumbuka mno. Alikumbuka viatu vyake vikubwa vilivyoziba mlango, na zaidi ya yote alikumbuka alivyokuwa akiondoka asubuhi amesimama juu ya pedali, anapiga mluzi, gia ikiwa ile nzito kuliko zote.

Asubuhi moja mama yake, ambaye alikuwa fundi cherehani na alishonea palepale sebuleni, aliinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Mwanangu, mjomba wako anakuja mwisho wa mwezi. Nimemwambia aichukue hiyo baiskeli akabebee mizigo yake."

"Mama! Baiskeli ya kaka?"

"Imekaa tu inaliwa na kutu. Gia zimekufa, cheni inaruka. Mwenye nayo hayupo."

"Nitaitengeneza. Nitaendea shule. Hata wewe unasema shule ni mbali na ninachelewa!"

Mama alikata uzi kwa meno. Kisha akasema, "Haya. Ikikuwahisha shuleni, itabaki. Ukichelewa nayo, mjomba ataondoka nayo. Tusilaumiane."

Jumamosi hiyo Chiriku aliisukuma baiskeli mpaka kwa Fundi Spoku, mtengeneza baiskeli wa pale njia panda. Watu walimwita hivyo kwa ajili ya wembamba wake, na yeye mwenyewe alisema kwamba upepo ukivuma hushika nguzo. Aliigeuza baiskeli miguu juu, akazungusha pedali, akasikiliza cheni ikikwaruza na kuruka.

"Gia zimekwisha hizi," alisema. "Kile chuma cha nyuma cha kuhamisha cheni kimepinda, na spea yake haipatikani tena. Lakini fremu! Gonga uone. Hiki ni chuma, si bati la siku hizi. Tuondoe gia zote, tubakize moja. Itakuwa nyepesi, na itakuzika uzeeni."

Chiriku aliushika usukani. "Lakini kaka akirudi ataikuta imepungua."

"Ataikuta imepungukiwa na matatizo," Fundi alisema.

Fundi Spoku alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyeweza kumtoa humo. Kwanza, hakumfungulia mtu nati ambayo mwenyewe angeweza kuifungua. Pili, hakumfungia mtu gia moja kabla mtu huyo hajaipima njia yake. Alikata waya wa gia, akamwonyesha Chiriku jinsi ya kuihamisha cheni kwa mkono, kutoka gurudumu moja la meno hadi jingine.

"Sikiliza," alisema. "Nyuma pakiwa na meno mengi, pedali inakuwa nyepesi, lakini utakanyaga sana kwa mwendo mdogo. Meno machache, pedali nzito, lakini kwenye tambarare utaruka. Leo panda na hii, kesho na ile. Pita njia yako ya kila siku, mlima wako wa kila siku. Halafu uje uniambie ukweli, ipi imekufikisha juu bila kushuka. Mimi nitafunga utakayoniambia."

Chiriku alipima. Kwa gurudumu kubwa la nyuma alipanda mlima wa shule bila taabu, miguu ikizunguka kasi kama ya kuku anayefukuzwa. Kwa lile la katikati alipanda akihema, lakini alifika juu. Kisha akaweka lile dogo kabisa, gia ya kaka. Tambarare ilikuwa raha tupu. Upepo ulimpiga usoni, akasimama juu ya pedali, akajaribu hata kupiga mluzi, na kwa muda mfupi alijisikia kama kaka yupo, yuko hapo hapo, karibu kuliko sauti ya kwenye simu. Mlimani baiskeli ilisimama nusu ya njia. Akashuka, akasukuma.

Jumamosi iliyofuata alirudi kwa Fundi na jibu lake tayari.

"Hii ndogo, Fundi."

"Umepanda nayo mpaka juu?"

"Mpaka juu."

Fundi alitazama baiskeli, akatazama miguu ya Chiriku, akatazama tena baiskeli. "Kwa miguu hiyo?"

"Ndiyo, Fundi."

"Haya. Mteja ndiye anayeijua njia yake," Fundi alisema, akampa spana.

Siku hiyo Chiriku alifanya kazi mpaka viganja vikawa vyeusi. Alifungua mikono ya gia kwenye usukani, akavuta nyaya, akang'oa kile chuma kilichopinda. Aliosha cheni kwa mafuta ya taa. Waliondoa magurudumu ya meno ya nyuma, wakabakiza lile dogo, na Fundi akamfundisha kupanga washa, zile pete bapa za chuma, huku na huku ili gurudumu likae sawa na lile la mbele na cheni inyooke. Walikata cheni kwa kipimo. Kisha Chiriku akavuta tairi la nyuma taratibu, akakaza nati upande huu kidogo na upande ule kidogo, akabonyeza cheni kwa kidole kuona kama imelegea au imekaza mno. Fundi alizungusha pedali. Cheni ilipita kimya kabisa, na Chiriku akacheka kwa furaha. Alikuwa ameitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Furaha hiyo ilidumu mpaka Jumatatu, chini ya mlima.

Alijikaza kisabuni. Alisimama juu ya pedali, akauma meno, akainama mpaka kidevu kikagusa usukani. Baiskeli ikayumba kushoto, ikayumba kulia, ikagoma. Akasukuma mpaka juu jasho likimtiririka, na alipofika shuleni wenzake walikuwa wamekwisha kukaa.

"Pancha, Mwalimu," alisema mlangoni. Jioni mama alipouliza safari ilikuwaje, alijibu, "Nzuri, mama," akaenda kuosha vyombo ambavyo hakuna aliyemwambia aoshe.

Kesho yake ilikuwa vilevile, na kesho kutwa pia. Alijaribu kuamka mapema zaidi, lakini miguu ilikuwa inauma tangu jana yake, na mlima haukupungua. Pancha zikaongezeka. Kilichomshangaza mama ni kwamba nyumba ilikuwa imetulia. Chiriku alikula kimya, akalala kimya. Mama akamshika paji la uso, asikute homa.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Chiriku iliishia kwenye cherehani ya mama yake. Mwalimu wa darasa alikuwa anashonewa gauni. Alikuja Ijumaa jioni kulijaribu, akasimama katikati ya sebule na mikono imeinuliwa huku mama akimbana kiuno kwa sindano, na mdomo wake ukabaki huru.

"Mama Chiriku, hebu mnunulieni mtoto tairi za maana. Pancha kila siku ya Mungu! Wiki nzima hajawahi hata mara moja."

Sindano ya mama ilisimama hewani. Chiriku, aliyekuwa mlangoni na sinia la chai, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mama alimaliza kazi yake, akamsindikiza Mwalimu mpaka nje. Kisha alisema kwa sauti ya chini, ile ambayo Chiriku aliiogopa kuliko kelele.

"Mjomba wako nitampigia simu kesho. Hakuna haja ya kungoja mwisho wa mwezi."

"Mama, naomba usimpigie!" Machozi yalimtoka Chiriku kabla ya maneno. "Hakuna pancha. Tairi ni nzima. Nimechagua gia nzito, siiwezi, nasukuma mlima mzima. Nilimdanganya Fundi. Nilimwambia nimepanda nayo."

"Kwa nini umdanganye mtu anayekusaidia?"

"Kwa sababu ndiyo gia ya kaka." Alilia kwa kwikwi. "Nikiipanda, pale kwenye tambarare, naona kama yupo. Nikiweka nyingine atakuwa ameondoka kabisa."

Mama alikaa juu ya kiti cha cherehani. Alichukua muda kukunja gauni la Mwalimu, akalikunjua, akalikunja tena.

"Unadhani kwa nini nilitaka itoke humu ndani?" alisema hatimaye. "Kila nikiamka naiona pale ukutani, nasema, mwanangu amerudi. Halafu nakumbuka. Kila asubuhi, Chiriku. Na wewe kila asubuhi unaifuta inang'aa."

Chiriku hakujua. Alikuwa amedhani kwamba anayemkumbuka kaka katika nyumba ile ni yeye peke yake. Alimsogelea mama, akaegemea bega lake, wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

"Kesho nenda kwa Fundi," mama alisema. "Mwambie ulivyoniambia mimi. Akikubali kukusaidia tena, mjomba nitamsubirisha. Asipokubali, ndiyo basi."

Fundi Spoku alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuziba tairi alilokuwa nalo mkononi.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Miguu yako niliiona. Lakini nilikuuliza, ukaniambia umefika juu. Nikuite mwongo mbele ya wateja wangu?" Akamwonyesha ndoo ya vyuma kwa kichwa. "Tafuta lile gurudumu la katikati. Ulioshe. Na anza kufungua."

Chiriku alifungua kila alichokuwa amekifunga. Alipanga washa upya. Lakini alipoipitisha cheni juu ya gurudumu jipya, haikufika. Ncha mbili zilitazamana, na katikati palibaki pengo.

"Imekuwa fupi, Fundi!"

"Itakosaje kuwa fupi? Gurudumu ni kubwa zaidi, na cheni tuliikata kwa kipimo cha uongo wako." Fundi hakusema kwa ukali, lakini masikio ya Chiriku yalipata moto. "Kile kipande tulichokikata tulikitupa pale kwenye vyuma chakavu. Kitafute. Usipokipata, huna baiskeli."

Alipiga magoti mbele ya rundo la vyuma chakavu, akachambua misumari, spoku zilizovunjika, kengele zisizolia. Jua lilipanda, likaanza kushuka. Wateja walikuja wakaondoka, mmoja akamuuliza kama amepoteza pete ya ndoa. Chiriku alisogeza kengele nyingine pembeni. Alifikiria mjomba akiisukuma baiskeli kutoka nje ya mlango, na ukuta wa sebuleni ukibaki mtupu, akaendelea kuchambua. Alikipata chini kabisa, kimeng'ang'ania springi ya kiti cha baiskeli. Fundi alikiunganisha kwa pini mbili, akamwachia yeye avute tairi na kukaza nati.

Jumatatu iliyofuata Chiriku alianza mlima ameketi. Hakupiga mluzi, pumzi ya mluzi angeitoa wapi? Alikanyaga, akahema, akakanyaga. Pale alipokuwa akishuka kila siku alipapita. Mapaja yalimwaka moto, lakini pedali zilizunguka, na ghafla barabara ikawa tambarare na paa la shule likatokea mbele yake. Kengele ilikuwa bado. Mwalimu alipomwona alitazama tairi, akatazama saa, akatabasamu tu.

Mjomba alikuja mwisho wa mwezi, akanywa chai, akaondoka kwa miguu.

Jumapili hiyo simu ya mama ililia. Ilikuwa sauti ya kaka, mara karibu, mara ikizama kwenye upepo. Mama alizungumza kwanza, kisha akampa Chiriku.

"Kaka," Chiriku alisema haraka kabla ujasiri haujamtoka, "baiskeli yako nimeiondoa gia. Imebaki moja, na si ile yako. Yako nilishindwa."

Simu ilikwaruza, akadhani mtandao umekatika. Kisha kaka akacheka.

"Ile gia ilinimaliza magoti, mjinga wewe. Nani alikutuma?" Kisha akashusha sauti. "Sikia, Chiriku. Mwaka huu sirudi. Kazi imeongezwa. Basi baiskeli iwe yako. Usiniwekee, ipande."

Chiriku aliitikia, akamrudishia mama simu, akatoka nje. Kwa muda mrefu alikuwa ameitaka baiskeli ile ibaki, na sasa imebaki, tena ni yake. Lakini angeitoa mara moja kwa mjomba au kwa mtu yeyote, kama ingeweza kumleta kaka nyumbani jioni ile.

Mama alimfuata, akaketi naye ngazini.

"Inauma," mama alisema. "Na mimi inaniuma. Kumkumbuka mtu si kosa, mwanangu, na usimwonee aibu mtu kwa hilo. Lakini ulitaka kumrudisha kaka kwa gia yake, ukamdanganya Fundi, ukamdanganya Mwalimu, ukanidanganya mimi, na bado hukufika juu ya mlima. Siku uliyosema kweli ndiyo siku uliyopata msaada. Mtu hawezi kukufungia gia inayokufaa kama humwambii miguu yako inaweza nini. Siku nyingine ukielemewa, sema. Hata kama ni jambo la kumkumbuka kaka tu, njoo uniambie."

"Nimemkumbuka, mama," Chiriku alisema.

"Najua. Na mimi pia. Haya, nisimulie huo mlima. Ile wiki nzima hukunisimulia kitu, nyumba ikawa kubwa mno."

Chiriku alifuta macho kwa kiganja, akaanza kusimulia tangu mwanzo, pamoja na siku zote alizokuwa akisukuma.