Sahani Iliyofunikwa

"Masalu, unanisikia?"

"Ongea tu, mke wangu. Nakusikia."

Alichosikia Scolastika ni nyundo. Mumewe alikuwa ameiweka simu juu ya jiwe, spika wazi, anaendelea kuchonga sanamu zake kule Ngokolo, Shinyanga. Yeye alikuwa Geita, Kalangalala, kwenye mgahawa wa dada yake, alikokwenda kuukimbia upweke wa nyumba yake. Akanyamaza makusudi. Nyundo haikunyamaza. Wenye waume walevi wana afadhali, wanajua baa ya kwenda kuwafuata. Scola angekwenda kumgombeza nani, jiwe?

Jioni ikaingia meseji: "Njoo kesho. Nimekuchonga. Jiwe linakwenda maonyesho Dar, nataka wewe ulione kwanza."

Moyo wa mwanamke mjinga jamani. Akasuka nywele, akaenda.

Karakanani, mwanamke wa jiwe alikuwa ameketi mezani, mkono juu ya sahani iliyofunikwa, macho mlangoni. Hata kanga ilivyomlegea begani, ni Scola mtupu. Machozi yalimlengalenga, kisha akajiuliza jambo.

"Mume wangu, hivi ndivyo nilivyokuwa nakaa nikikusubiri ule. Ukiingia tu, nainuka. Wewe uliniona wapi?"

"Dirishani," Masalu alijibu kwa fahari. "Nilikuwa nasimama nje nakuangalia. Ulikuwa unapendeza, Scola."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nikukariri. Halafu narudi huku kuchonga kabla sijasahau."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. La Scolastika liliuma miaka, kumbe aliyengojewa alikuwa dirishani.

"Nilidhani hujui," alisema taratibu. "Ndiyo maana nilikuwa nakusamehe. Kumbe uliniona, Masalu. Uliniona, ukaenda kushika patasi."

Scolastika akachukua mkoba wake, akarudi Geita.

Siku ya maonyesho alikuwa anakatakata vitunguu mgahawani, wateja wa mchana wameshaondoka, simu ikaita. Akaiweka mezani, spika wazi.

"Scola, unanisikia?"

"Ongea tu. Nakusikia."

Kisu kikaendelea.

"Jiwe liko Dar, watu wanalipiga picha. Mimi sijaenda. Jana nilikaa pale mezani kwetu, nikafunika sahani yako, nikaangalia mlango. Hakuna aliyeingia. Scola, inauma."

Kisu kikatulia. Sauti ile ilikuwa inatoka kwenye simu, na inatoka nyuma yake pia. Akageuka. Masalu alikuwa katikati ya mgahawa, simu sikioni, nyusi zimejaa vumbi la jiwe.

"Bhebhe, wewe, umesimama hapo tangu saa ngapi?"

"Sijasimama. Nimefika, nimeingia."

Scolastika aliweka kisu chini. Hasira alikuwa nayo bado, na ilikuwa haki yake. Alikuwa amemkumbuka pia, hilo nalo halikufichika. Akamsogezea kiti.

"Chakula kimepoa," akasema.

"Nipe hivyo hivyo."