Kadi ya Popi

Siku ya chanjo ya mbwa na paka, soko la Mbinga lilikuwa na kelele kupita siku ya mnada. Mbwa walibwekeana, wenye mbwa wakatukanana. Katikati yao alisimama Melkior, bwana mifugo, ndani ya koti jeupe na gambuti zenye tope la kijiji cha Ukata. Ghafla paka mmoja akachomoka kikapuni na kumparamia hadi begani.

"Bobini! Shuka huko!" alipiga kelele msichana mwenye gauni la kitenge cha njano, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Huyo alikuwa Vitalia, fundi cherehani wa karibu na stendi.

"Mwache, dada. Amenipenda."

"Huyo humpenda kila anayenuka dagaa. Umekula nini leo?"

"Mshike kwanza nimchome, ndipo unisute."

Vitalia alimshika paka, lakini alipoiona sindano akafumba macho.

"Hutaki kuona?"

"Naogopa sindano mie. Choma tu, nakuamini."

Watu wamependana kwa madogo kuliko hayo. Kahawa ilipoanza kuiva walikuwa wanaitana laazizi, na Melkior alipiga simu mara tatu kwa siku, eti kuuliza kama Bobini amekula.

Mwezi wa nane kazi ya chanjo ilishuka Mbamba Bay kando ya ziwa, nyumbani kwa akina Vitalia.

"Laazizi, usimsahau Popi wa mama," Vitalia alimwambia kwenye simu.

"Nimsahau mbwa wa mkwe? Nitamchanja wa kwanza."

Hakumchanja. Alifika kwa mama Vitalia jioni, dozi zimemwishia kwa mbwa wa watu wengine. Mama alikuwa ameshabanika samaki wa mbasa na kuita majirani wawili waje wamwone mkwe. Mwenye kupenda hupenda pia kuonekana wa maana, na Melkior aliona aibu. "Popi nimeshamchanja kule ufukweni," alisema, akaandika kadi. Aliapa moyoni kurudi Jumatatu na dozi nyingine. Jumatatu ikaja na kazi zake, na wiki zikapita. Kadi mama aliichomeka nyuma ya picha ya Bikira Maria.

Mwezi wa kumi Vitalia akapiga simu akicheka.

"Mpenzi, umesikia vituko vya mama? Popi kamng'ata mkono."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Jirani kamwambia aende hospitali, mama akamtolea kadi: 'Mbwa huyu kachanjwa na mkwe wangu!' Na Popi mwenyewe kafa juzi. Alikuwa anatokwa mate tu, hataki kula."

Melkior alikaa juu ya gunia la pumba. Angeweza kusema mama aende hospitali kwa tahadhari tu, na uongo wake ukabaki nyuma ya picha. Wazo hilo lilimjia. Lakini mama angekataa tena, kwa kuilinda heshima ya mkwe.

"Vitalia, sikumchanja."

"Unasemaje?"

"Dozi zilikuwa zimekwisha. Niliona aibu. Mpigie sasa hivi aende hospitali, asingoje kesho. Akishaanza kuugua kichaa cha mbwa hakuna dawa."

Simu ilikatika.

Melkior alipanda pikipiki akateremka milima hadi ziwani. Alimkuta mama hospitalini, ameshachomwa sindano ya kwanza. Akapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba. Ungesema tu dozi zimekwisha, baba. Samaki ungekula vilevile."

Maneno hayo yalimuuma kuliko tusi.

Vitalia alifunga cherehani akahamia kwa mama yake. Sindano zote zilimalizika, lakini zilikuwa zimechelewa kuanza, na ugonjwa ule humfanya mtu aogope maji. Kila mama aliponyanyua kikombe, Vitalia aliacha kupumua hadi ameze. Aliishi hivyo miezi mitatu. Simu za Melkior hakuzipokea. Melkior naye alikwenda kukiri kwa mkubwa wake, akasimamishwa kazi nusu mwaka.

Mama hakuugua.

Siku ya chanjo iliporudi Mbinga mwaka uliofuata, Vitalia alisimama kwenye foleni na kikapu, gauni ni lile la njano, limepauka.

"Mama hajambo?" Melkior aliuliza.

"Hajambo. Anauliza mbona huji kula samaki."

"Na wewe, unauliza?"

Vitalia alimtoa Bobini, akamshika. Melkior akavuta dawa.

"Ngoja. Nionyeshe chupa."

Alimpa. Vitalia aliisoma juu hadi chini, akairudisha, kisha akaitazama sindano ikiingia na ikitoka. Machozi yalimtoka, lakini hakupepesa.

"Bado nakupenda, Melkior," alisema akipokea kadi. "Ila kufumba macho siwezi tena."

Akafunika kikapu, akampisha mwenye mbwa aliyekuwa nyuma yake.