Akaunti ya Chiu

Rafiki yangu Kuo-wei si mtu wa mizaha, ndiyo maana hadithi hii bado inanitia wasiwasi.

Mkuu wake, Dada Shu-fen, alimtuma kwenye chumba cha seva cha kiwanda chao hapa Hsinchu, Taiwan, abadilishe nywila ya Chiu, fundi aliyeacha kazi bila kuaga mtu.

"Na uweke pakiti mpya ya vitafunio juu ya mashine, isije ikagoma," alimwambia, maana mafundi wa hapa huamini kuwa pakiti hiyo huituliza mashine. "Ya kijani, kama taa ya mashine isiyo na hitilafu. Ukileta ya njano utaniona."

Kuo-wei akaweka pakiti, akaandika amri, mashine ikaomba nywila mpya. Akaandika jina la utani alilokuwa akiitwa na marehemu bibi yake, ambalo hajawahi kumtajia mtu. Mashine ikajibu: "Mtumiaji huyu amewahi kutumia nywila hii."

Akapiga simu. "Dada, nani amechezea hii mashine?"

"Jaribu kwenye akaunti yako kwanza, usianze visingizio."

Kwenye akaunti yake, jina lile lilikubaliwa mara moja.

Akarudi kwenye ya Chiu. Safari hii alifumba macho, akabonyeza vitufe ovyo ovyo, hata yeye asijue ameandika nini, kisha akatulia kusubiri. Taa za chumba kile hujizima mtu asipotikisika. Alipofumbua macho palikuwa giza, feni zikivuma, na kwenye skrini pameandikwa: "Hii ndiyo nywila ambayo mtumiaji huyu anaitumia sasa."