Makofi Hayaleti Robine

Kila asubuhi, kabla majogoo ya Kadutu hayajakubaliana nani aanze kuwika, Maman Euphrasie alikuwa amekwisha kushuka mutoni. Alishuka na bidon tupu ya maji, akisalimu watu. Alipanda na bidon iliyojaa, na hapo hakusalimu mutu. Kadutu ni mulima, na avenue yao iliparamia mulima ule toka darajani mpaka kwenye kapela, kanisa dogo la juu. Mvua ikinyesha, udongo wote unakuwa sabuni.

Kazi ya Euphrasie ilikuwa kukaanga beignets, ile mikate midogo ya mafuta ambayo wanafunzi wananunua wakienda masomo. Bila maji, unga haukandwi. Bila beignets, nyumba ingekula mushahara wa bwana wake Léopold peke yake. Léopold alikuwa planto kwenye ofisi moja ya Ibanda, anafungua mulango na kuufunga. Mushahara wake, tuseme ukweli, ulikuwa unafika nyumbani umechoka.

Siku moja ya mvua Euphrasie aliteleza. Bidon ilirudi mutoni peke yake ikirukaruka, watoto wakiifukuza. Yeye alibaki chini, goti limevimba.

"Papa Léopold," alisema alipoletwa nyumbani, "goti hii ikikufa, beignets nayo imekufa."

"Vumilia, maman. Wanatuletea robine."

Ilikuwa kweli. Mafundi wa maji walikuwa wanapitisha bomba upande ule, na avenue ingepewa robine, bomba la kufungua na kufunga. Moja tu. Fasi tatu zilifaa: juu, karibu na kapela; chini, karibu na daraja; na katikati, mbele ya atelier, karakana ya Papa Ignace. Wakaaji wachague wenyewe.

Nyumba ya Euphrasie ilikuwa katikati, mulango kwa mulango na Papa Ignace. Lakini Papa Ignace alikuwa fundi wa majeneza. Majeneza yalikaa nje yakikauka, makubwa kwa madogo, na kila mupita njia alikaza mwendo akifika pale.

Chef wa avenue aliita mukutano. Jina lake Apollinaire, lakini miaka ile ya Zaïre serikali ilikataza majina ya ubatizo, yalikuwa yanakaa nyumbani. Mbele ya watu aliitwa Citoyen Chef, yaani raia Chef, na alipenda sana. Kuhusu kura alijua njia moja tu, ile aliyoiona kwenye mikutano ya Chama: makofi. Fasi yenye makofi makubwa, hiyo imeshinda.

"Wenye kutaka juu!" alipaza sauti.

Korali nzima ya kapela ilikuwa pale, na mukubwa wao Maman Jeanine, mwanamuke mwenye viganja kama mbao za kufulia. Walipiga makofi kwa mupango, na vigelegele juu yake.

"Chini!"

Wapagazi wa darajani walipiga makofi, halafu miguu, halafu mumoja akapiga sufuria.

"Katikati!"

Euphrasie alipiga. Papa Ignace alipiga. Mutu wa tatu alianza kupiga, akaona watu wanamutazama, akajifanya anaua mbu.

Euphrasie aligeuka kumutafuta bwana wake. Alimuona katikati ya korali, viganja vyekundu.

"Juu imeshinda!" akasema Chef.

Nyumbani, Euphrasie hakungoja hata kukaa.

"Juu, Papa Léopold? Juu? Goti hii ipande mpaka kapela?"

"Maman, mikono ilienda yenyewe. Miye naimba base, sauti nzito, kwa korali. Wote wanapiga, Maman Jeanine ananitazama, ningefanya nini?"

"Basi kesho umuombe Maman Jeanine akukaangie beignets."

Lakini watu wa chini walikataa matokeo. Kesho yake walirudi na ngoma. Korali nayo ikaja na ngoma kubwa zaidi, na filimbi. Chef aliziba sikio moja, akasikiliza kwa lingine, akatangaza kwamba chini imeshinda. Korali ikasema ameziba sikio la upande wao. Mushipi wa mutu ulipotea, sufuria ya mutu ilipasuka. Fundi wa maji, aliyekuja kuona fasi ya kuchimba, alitikisa kichwa.

"Mukikosa kuelewana mpaka siku ya posho," alisema, "robine inaenda avenue ya ng'ambo. Kule hawana ngoma."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa karibu. Euphrasie alichechemea mpaka kwa jirani yake Georgette, aliyekuwa anafundisha wanawake kushona na hesabu kwenye foyer social. Georgette alikuja naye, akakaa, akala beignet moja, akapangusa vidole. Halafu akamugeukia Léopold.

"Papa Léopold, kwa korali yenu nani anapenda wimbo uanzishwe juu sana?"

"Basoprano! Maman Jeanine anaanzisha juu, mpaka mbwa wa kapela wanaitika."

"Na nyiye ba-base?"

"Chini kabisa."

"Kuko wenye kutaka katikati?"

"Ba-alto. Lakini wako kidogo sana."

"Mukichagua kwa makofi, nani anashinda?"

"Basoprano. Wako wengi kupita sisi."

"Halafu weye unaimba namna gani?"

Léopold alitazama mulango. "Nafungua kinywa tu. Sauti haitoki."

Euphrasie aliacha kukanda unga. "Kumbe! Kila Siku ya Mungu nakutazama pale mbele, nasema bwana yangu anaimba!"

"Ngoja, maman," Georgette alisema akicheka. "Papa Léopold, nikikuuliza vitu viwili tu: wimbo uanze juu, ao katikati?"

"Katikati! Hapo nitaimba kweli."

"Na nikimuuliza Maman Jeanine: chini, ao katikati?"

Léopold alifikiri. "Katikati. Kule chini sauti yake haifiki, atakohoa."

"Unaona? Katikati haikuwa na wapenzi wengi, lakini ukiilinganisha na ingine yoyote, inashinda. Makofi inauliza neno moja tu: unapenda nini kupita vyote? Haiulizi: ukikosa hiyo, afazali gani? Watu wengi wanaweza kushindwa na kitu wasichokitaka hata kidogo, kwa sababu wenye kukitaka wanapiga kelele pamoja."

"Na robine ni vile vile?" Euphrasie aliuliza.

"Njo vile. Tupige kura mbili-mbili. Juu na katikati. Halafu chini na katikati. Halafu juu na chini. Yenye kushinda zote mbili, ndiyo robine."

"Lakini mikono yangu..." Léopold alisema.

"Mikono yako inamuogopa Maman Jeanine. Kwa hiyo kila mutu atapiga kura pasipo macho ya wengine."

Walikwenda kwa Chef. Chef hakufurahi.

"Kura ya kujificha? Tuko wezi?"

"Citoyen Chef," Georgette alisema kwa heshima, "masikio inaendelea namna gani?"

"Bado inalia."

"Kura ya punje ya mahindi hailii."

Chef alifikiri juu ya masikio yake, akakubali.

Wakakutana Ijumaa kwa Papa Ignace, kwa sababu atelier yake ndiyo ilikuwa na mulango unaofunga vizuri. Nyumba moja, punje moja. Ndani, nyungu mbili: ya kushoto ni juu, ya kuume ni katikati. Unaingia peke yako, unatupa punje, unatoka. Majeneza yalisimama kando ya ukuta, kwa hiyo hakuna aliyekawia kuamua.

Kura ya kwanza ilikufa vibaya. Kuku wa Papa Ignace aliingia kwa dirisha, akala punje, ndizo sauti za watu. Korali ilisema amekula za juu. Wapagazi walisema kuku yule anajulikana, ni mutu wa juu, asingekula za kwao. Georgette aliwaacha wabishane kidogo, halafu akafunika nyungu kwa vifuniko vyenye tundu, na watu wakarudia.

Juu na katikati: katikati imeshinda.

Chini na katikati: katikati imeshinda.

Juu na chini waliipiga pia, ili mutu asiseme ameibiwa, na juu ikapita kidogo. Lakini katikati ilikuwa imekwisha kuzishinda zote mbili.

Chef alihesabu punje tena, moja-moja, kama anatafuta iliyokosea. "Lakini kwa makofi katikati ilikuwa na watu wawili! Na muua mbu!"

"Katikati?" Maman Jeanine alisimama. "Tuchote maji kwa maiti? Nani alitaka vile?"

"Kama fasi ya kwanza, karibu hakuna," Georgette alimujibu. "Lakini watu wa chini wamesema afazali katikati kuliko kupanda mpaka kwenu. Na watu wenu, maman, wamesema afazali majeneza kuliko kushuka darajani na kupanda tena na bidon kichwani."

"Watu wangu? Nani?"

Korali yote ilitazama mawingu. Léopold alianza kukohoa, na mara hii ilikuwa kweli sauti ya base.

Chef akainua kidole. "Citoyenne, neno moja. Na kama siku moja hii inashinda ile, ile inashinda ingine, na hiyo ingine inashinda ya kwanza?"

"Inatokea, Citoyen Chef. Kura inaweza kuzunguka kama mbwa anayefuata mukia wake. Kwa hiyo, mbele ya kupiga kura, mukubaliane wote: ikizunguka, tutafanya nini? Mukingoja mpaka matokeo yatoke, mwenye kushika nyungu ataamua peke yake."

Chef alitazama nyungu, akazisogeza mbali na miguu yake.

Siku ya posho mafundi walichimba mbele ya Papa Ignace. Maji yalitoka kwanza mekundu, halafu meupe, halafu safi kabisa, na wapagazi wenyewe ndio waliocheza. Goti la Euphrasie lilipona polepole. Na kwa kuwa watu wa juu na wa chini sasa wanangoja zamu yao mbele ya nyumba yake, wanangoja na njaa. Beignets zilikwisha kila siku kabla ya saa ya masomo, akakaanga mara ya pili. Papa Ignace alitengeneza viti virefu vya mbao kwa ajili ya wanaongoja, lakini Maman Jeanine alipenda kukaa juu ya jeneza moja pana. Alisema ni laini kuliko kiti cha kapela.

Basi jioni moja maji yaliisha nyumbani. Euphrasie alimupa bwana wake bidon.

"Zamani ulisema mutoni ni mbali, utachelewa kazini. Sasa robine iko pale, unaiona toka kwa kiti."

"Maman, kuchota maji ni kazi ya wanawake. Ni vile toka zamani."

"Tupige kura!" watoto wakasema.

Léopold alikubali haraka, maana alihesabu wana wake wa kiume watatu na binti mumoja. Vikombe viwili viliwekwa nyuma ya pazia, cha Papa na cha Maman: punje inaenda kwa mwenye kuchota maji. Kila mutu aliingia peke yake na punje yake. Walipofungua, kikombe cha Maman kilikuwa na punje moja tu.

Siri ya kura ilitunzwa vizuri. Hakuna aliyeuliza punje ile ni ya nani. Léopold alichukua bidon, akatoka.