Ng'ombe Aliyepimwa Pua

Kila asubuhi Profesa alipita buchani kwa mama yake akienda shule. "Shikamoo," alisema huku akitazama barabara, na marahaba hakuingoja. Jina la Profesa alijipa mwenyewe. Alikuwa wa kwanza darasani miaka mitatu mfululizo, basi kichwa kikamvimba, akamwona kila mtu mjinga, hata mama anayemlisha.

Wiki hiyo mwalimu wa sayansi aliwataka walinganishe ukubwa wa ubongo wa mamalia. Kila wawili wangejaza ulezi ndani ya fuvu, kisha waupime kwenye jagi. Kazi bora ingewakilisha shule kwenye maonyesho ya Ijumaa, na Profesa aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona.

Mama alitoa fuvu la ng'ombe, limechemshwa na kukaushwa. Mwenzake Profesa, msichana aliyebandikwa jina la Kobe kwa kusema polepole, alichungulia tundu la nyuma, akaanza kuziba matundu madogo kwa pamba.

Profesa akasonya. "Tutamaliza mwakani? Lete hapa!" Akalisimamisha fuvu pua juu, akamimina ulezi puani. Ulezi ulipovuja aliziba kwa kitambaa, akaongeza. Lita mbili!

"Lakini ubongo hauko huko," alisema Kobe.

"Nani wa kwanza darasani, mimi au wewe?"

Profesa akachora bango la rangi nne na kuandika kwamba ubongo wa ng'ombe unaushinda wa binadamu. Loo, elimu hiyo!

Alhamisi jioni mama alilisoma bango, akacheka mpaka akafuta machozi. "Lita mbili? Basi ng'ombe ndiye angekuwa anauza nyama, mimi nimening'inia kwenye ndoano!"

"Mama, hii ni sayansi. Wewe unajua kukata tu."

Kicheko kikakatika. Mama akaenda kwenye friji, akarudi na ubongo wa ng'ombe kwenye sahani. Ulikuwa mdogo, kikombe kikubwa kingeutosha.

"Miaka kumi na minne natoa bongo hizi kwenye mafuvu," alisema. "Wewe umempima ng'ombe pua, mwanangu, halafu unanidharau mimi."

Profesa alitamani ardhi ipasuke. Bango lilipendeza, na huenda mwalimu asingegundua. Lakini sasa aliujua uongo wake. Alimwomba mama radhi, na alfajiri akabisha hodi kwa kina Kobe, fuvu mkononi.

"Nisamehe. Nionyeshe ulivyotaka kufanya."

Kobe akaziba matundu, wakamimina kwa nyuma. Mililita mia nne na hamsini.

Mbele ya darasa Profesa aliikata ile lita mbili kwa kalamu nyekundu. "Nilipima pua. Kobe aliniambia, nikamdharau." Darasa zima likaangua kicheko, naye akakivumilia.

"Maonyesho mtaenda," mwalimu alisema, "ila Kobe ndiye atakayeeleza. Wewe utashika fuvu." Kisha akaligeukia darasa. "Mamalia wa kale walikuwa wadogo. Baadaye miili ya wengi ilinenepa upesi, ubongo ukabaki nyuma, ukachukua mamilioni ya miaka kuifikia. Kwa huyu zilizonenepa ni sifa. Mtu anayedharau wanaomsahihisha hata ubongo wa lita mbili haumsaidii. Haya, Profesa, kaa chini; ubongo wako usiku mmoja umeutosha kuzifikia. Ng'ombe bado anaungoja wake."